Riwaya ya upelelezi imekwama sura ya 8: nipange kwanza au niendelee tu kuandika?

KalamuChovu: Wakuu, rasimu ina maneno 22,000, lengo ni 60,000. Haina mpango wowote. Maiti imekutwa kisimani, washukiwa wanne, na muuaji hata mimi simjui. Nifute nianze upya?

Msukaji: Usifute. Chomoa mpango kutoka humo humo kwenye rasimu. Kila tukio liandikie mstari mmoja: nani anataka nini, anazuiwa na nini, mwishoni kimebadilika nini. Ukimaliza, kati ya mstari na mstari weka "kwa hiyo", "lakini" au "halafu". Zikifuatana "halafu" tatu, hapo ndipo hadithi ilipokatika, na mara nyingi ni sura kadhaa nyuma ya pale ulipokwama.

Bibi Rasimu: Naongezea. Upelelezi una visa viwili, cha uhalifu na cha uchunguzi. Cha pili unaweza kukiandika kinavyokuja. Cha kwanza lazima ukijue chote. Andika ukurasa mmoja kwa nafsi ya muuaji, saa kwa saa: sababu, njia, alivyoficha. Kisha panda vidokezi kama vitatu, kila kimoja ukikifunika na jambo lenye kelele zaidi. Mfano: ndoo ya kisima imechakaa lakini kamba yake ni mpya. Itaje wakati mama anamfokea mtoto aliyemwaga maji. Msomaji atakumbuka ugomvi, kamba itampita.

Mzee wa Nukta: Sawa, ila msimpangie sura zote hadi mwisho. Mpango mrefu huwafanya wahusika waseme anachotaka mwandishi. Utaona mtu anaenda kisimani usiku bila sababu, eti kwa kuwa sura ya 11 inamhitaji huko! Panga matukio matatu ya mbele, basi. Tukio likienda kombo na likapendeza, badili mpango. Ukweli wa uhalifu tu ndio usiguswe.

KalamuChovu: Asanteni. Na kama muuaji anayefaa ameingia sura ya 6?

Bibi Rasimu: Amechelewa, msomaji atahisi ametapeliwa. Mrudishe sura ya 2, sentensi mbili zinatosha, lakini mpe kazi ya kufanya. Jina peke yake halikumbukwi. Aje kuazima ndoo, kwa mfano.

Mzee wa Nukta: Na asiirudishe.