Naomba ushauri: ukuta na dari ya bafu vinaharibika kwa unyevu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, naomba msaada wa mafundi na waliojenga.

Bafu letu lina shawa ya maji moto. Marumaru zimeishia usawa wa kifua, juu yake ni rangi ya maji, na dari ni jipsamu. Tangu baridi ya Juni ianze dirisha hatufungui, mvuke wote unabaki ndani. Asubuhi matone yananing'inia darini. Rangi imevimba kama malengelenge. Ukiigusa inabanduka na unga mweupe nyuma yake. Pembeni kuna ukungu mweusi, nimeufuta kwa jiki mara mbili, umerudi. Mwanangu ana pumu, ndiyo maana nina wasiwasi sana.

Fundi mmoja anasema nipige rangi ya mafuta tu. Naona huko ni kufunika tatizo, plasta yenyewe imeshalowa. Mwingine anataka tubandue, ikauke, tupake dawa ya kuzuia maji, kisha marumaru hadi juu na dari ya plastiki.

Je, hayo yatatosha bila feni ya kutoa hewa? Na kwa baridi hii, plasta niiache ikauke muda gani?