Naomba ushauri: mvinyo wa kuonja katika chakula cha pongezi, Kiwengwa

Ndugu zangu, habari za jioni. Mdogo wangu amehitimu udaktari, na familia itampongeza kwa chakula cha usiku katika mkahawa wa Kiitaliano huko Kiwengwa, Unguja. Tutakuwa watu wanane. Wawili ni rafiki zake Waislamu ambao hawatumii kileo, na sisi wengine tungependa kuonja mvinyo wa aina mbalimbali badala ya kunywa aina moja usiku kucha. Chakula tumeshachagua: pweza wa kuchoma, tambi za kamba kwa sosi ya nyanya, nyama ya ng'ombe, na tiramisu, tamutamu ya Kiitaliano, mwishoni. Nimesikia Barolo, mvinyo mwekundu wa Kiitaliano, ikisifiwa sana, nami nilikusudia tuanze nayo. Je, inafaa?

Mhudumu wa Pwani: Hongera nyingi kwa daktari wetu. Barolo usianze nayo, na kwa chakula hicho mimi ningeiacha kabisa. Hutengenezwa Piemonte, kaskazini mwa Italia, kwa zabibu za nebbiolo na hutunzwa si chini ya miezi 38 kabla ya kuuzwa, lakini ukakasi wake ni mwingi, na ukikutana na pweza huacha ladha ya chuma mdomoni. Anzeni na Prosecco, mvinyo mweupe wa mapovu, wakati watu wanapongezana, kisha pweza na kamba muwanywee Vermentino, mvinyo mweupe wa kisiwa cha Sardegna, ambayo uchachu wake unapatana na ndimu na nyanya. Nyama ikiletwa, agizeni Chianti Classico, mvinyo mwekundu, yenye alama ya jogoo mweusi kwenye chupa. Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri sita za mililita 125, kwa hiyo chupa moja ya kila aina inawatosha wanywaji sita.

Mkaazi wa Shangani: Naongeza jambo la joto. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba wanakusudia nyuzi 16 hadi 18, wala si baraza la Kiwengwa lenye nyuzi 30. Mwombeni mhudumu aitie chupa ya Chianti katika ndoo ya barafu na maji kwa robo saa kabla ya nyama kufika, kwani mvinyo ukipata joto, kileo hupanda puani na harufu ya zabibu hupotea.

Bi Mpishi: Assalamu alaykum. Mwanangu, mimi kileo situmii, ila jikoni nimekaa miaka mingi, na nakuomba sana uwafikirie hao rafiki wawili. Kuwaagizia maji ya matunda hakutoshi, kwa sababu sosi ya kamba na nyama ya kupikwa taratibu mara nyingi hutiwa mvinyo, na tiramisu hutiwa Marsala au ramu. Mpigie simu mpishi siku moja kabla, umwombe sahani zao zipikwe mbali na uulize pia kama kuna nyama ya nguruwe ndani ya sosi.

Mwenye uzi: Shikamoo Bi Mpishi, ahsante sana, hilo la sosi halikunipitia akilini, na kesho nitampigia mpishi. Kwa tiramisu tunywe nini?

Mhudumu wa Pwani: Moscato d'Asti iliyopoa vizuri. Ni tamu, na tamutamu huhitaji mvinyo usiopungua utamu wake, la sivyo mvinyo huonekana mchungu. Kileo chake ni kama asilimia 5 tu, nanyi mtakuwa mmeshakunywa aina tatu.