Tupeane uzoefu: kitabu gani kilikufikia wakati mgumu, na ulifanya nini ulipokifunga?

Baba Wawili (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naomba uzi huu tuutumie kupeana uzoefu wa vitabu ambavyo si hadithi za kubuni tu: vya dini na safari ya roho, vya pesa, vya afya, wasifu, hata tenzi za mawaidha. Orodha za vitabu vya kusoma kabla ya kufikisha miaka thelathini zimejaa kila mahali, hapa sizihitaji. Ninachotaka kujua ni ulikuwa kwenye hali gani kitabu kilipokufikia, na ulipokifunga ulianza kufanya nini. Kama kilikuachia swali tu, leta swali lenyewe.

Naanza mimi. Mke wangu alifariki akaniachia watoto wawili, wa kike na wa kiume. Ndugu na majirani waliniletea vitabu vingi vya kufariji na nawashukuru. Kilichonishika ni *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert. Wengi wetu tulikutana naye shuleni kwenye *Kusadikika*, tukafanya mtihani, tukaachana naye. Kumbe mtu huyu aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha miaka mingi, naye alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto wa kulea. Humo ndimo zilimo tenzi mbili za wosia: ule wa Hati aliomtungia binti yake, na wa Adili aliomtungia mwanawe wa kiume. Ukizisoma unamsikia baba anayezungumza na watoto wake mwenyewe, anawafundisha usafi, heshima, kazi, namna ya kuishi na watu.

Nilinunua kauntabuku mbili, ya kila mtoto na yake. Jumapili usiku wakishalala naandika: mama yao alivyokuwa akiimba akisonga ugali, nani tunamdai na nani anatudai, kiwanja cha Korogwe kina mgogoro gani na mjomba yupi aulizwe. Bado hawajazisoma. Mimi mwenyewe usingizi umerudi.

Nawasilisha. Karibuni.

Binti wa Amu

Pole sana kaka, Mungu amrehemu mwenzako na akukuzie wanao.

Umenigusa uliposema wosia, maana kwetu Lamu wosia mkubwa ni wa mama. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, akamwita bintiye Mwana Hashima asogee karibu na wino na karatasi. Nyanya yangu alikuwa na beti zake nyingi kichwani, na alikuwa akizisoma kwa sauti ileile ya kughani aliyoipokea kwa mamake.

Najua wasichana wengi leo wanaukataa utendi huu, na sababu wanayo. Kuna pahali anamwambia binti mume akilala asimwamshe, ampapase, na ampepee asikose upepo. Mimi pia sehemu hiyo sikubaliani nayo na huwaambia hivyo wapwa zangu tukiusoma. Lakini mtu akisoma hapo tu akafunga, amekosa mengi. Anamfundisha bintiye kushika dini, kuwa na ulimi wa adabu, kuwasaidia wenye shida, kuwa mkweli. Halafu theluthi ya mwisho karibu yote ni dua: anawaombea watoto wake na ndugu zake, anajiombea afya.

Mamangu alipolazwa nilikuwa nikimsomea zile beti za dua jioni, wakati wa kubadilishana manesi ambapo wodi hutulia kidogo. Alipopata nafuu nikamkalisha, nikafungua simu nikamrekodi: mahari ya dada zake ilikuwa nini, nani alimfundisha kushona kofia, kwa nini hakuolewa na yule mtu wa Siyu. Mamake Mwana Hashima alihitaji wino na karatasi. Sisi simu tunayo mkononi kutwa na wazee wetu wanaondoka kimya. Fanyeni hivyo wapenzi, leo hii.

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Vijana mnazungumzia kitabu kama jambo la mtu na chumba chake. Naomba niwape uzoefu wa namna nyingine.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana mkoani Dodoma nikateuliwa kuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na redio, na walioshiriki nchi nzima walikuwa kama milioni 2. Kikundi kilikutana kila wiki kwa wiki 12. Mtaona utaratibu ulivyokuwa rahisi. Redio inawekwa juu ya kigoda chini ya mti, kipindi kinasikilizwa chote bila mtu kuzungumza. Kikiisha, anayejua kusoma anasoma somo la wiki kutoka kwenye kijitabu, taratibu, na akiulizwa anarudia. Kisha kiongozi anauliza: je, haya yapo hapa kwetu? Kisha: tutafanya nini kabla ya wiki ijayo?

Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu. Somo la malaria likiisha, watu walikwenda kufyeka majani na kufukia madimbwi. Somo la kuhara likiisha, vyoo vilichimbwa. Palikuwa na mzee mmoja, marehemu sasa, hakujua herufi hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa akituuliza wiki inayofuata, mbele ya wote, choo cha fulani kimefika kina gani. Hakuna aliyetaka kutajwa na mzee yule.

Baada ya hapo ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975, kwa mtindo uleule. Kwa maoni yangu vile vijitabu vyembamba vilibadilisha maisha ya watu kuliko vitabu vingi vinene nilivyosoma baadaye chuoni, kwa sababu vilisomwa kwa sauti na watu wanaoishi jirani, na kila mmoja alijua mwenzake ameahidi nini. Hadi leo nasoma hivyo. Tuna kikundi kidogo cha wastaafu, tunakutana Jumamosi baada ya ibada za asubuhi, tunasoma sura moja, na hatuachani kabla kila mtu hajasema atafanya nini.

Nesi wa Kijijini

Shikamoo mwalimu. Umenikumbusha kitabu kilichonifanya niwe nilivyo: *Mahali Pasipo na Daktari*. Mwandishi wake David Werner alianza kukiandika kwa Kihispania akiwa na wanavijiji wa milimani magharibi mwa Mexico, kikatoka mwaka 1973, baadaye kikafika kwetu kwa Kiswahili. Baba yangu alikuwa na nakala, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Michoro yake nilianza kuitazama kabla sijajua kusoma.

Kipo kipengele kimoja ambacho nimewafundisha akina mama wengi. Mtoto anaharisha, mvua imekata barabara, pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, zimeisha. Chukua lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kilichosawazishwa. Kabla ya kutia sukari, onja: maji yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya. Ndipo utie sukari vijiko sita vya chai, navyo visawazishwe. Mpe mtoto kidogo kidogo, na aendelee kunyonya. Hii ni ya kumshikiza tu wakati mnatafuta njia ya kufika kituoni, pakiti yenyewe na vidonge vya zinki vikipatikana ndiyo bora.

Nilichokipenda ni kipimo cha machozi. Mama yeyote anakijua, hahitaji mzani. Mwandishi alimheshimu msomaji wake, akatafuta kitu ambacho tayari anacho. Nikishika kitabu chochote cha maisha siku hizi naangalia kwanza hilo.

Mtu wa Gikomba

Niaje wandugu. Mimi nauza mitumba, na kitabu nilikipata kwa wale wauzaji wa inama, wanaotandaza vitabu chini barabarani hapa Nairobi, mia moja bob. Ni kile cha George Clason cha tajiri wa Babeli. Kilianza mwaka 1926 kama vijarida vya kugawiwa na mabenki na kampuni za bima za Marekani. Wengi wanakijua kwa lile somo la kutenga sehemu moja ya kumi ya kila unachopata kabla hujalipa mtu mwingine.

Hilo ni sawa, mimi hufanya, lakini natenga kwa siku, jioni nikifunga meza, kwa sababu pesa yangu ni ya kila siku. Na siweki kwangu. Inaenda kwa chama chetu cha kuweka akiba, mweka hazina ni mama mmoja muuza supu ambaye huwezi kumbembeleza.

Ila sehemu iliyonifaa zaidi ni ile yenye fundi matofali. Arkadi, yule tajiri mwenyewe, akiwa bado kijana anampa fundi matofali akiba yake ya mwaka mzima akamnunulie vito vya thamani. Fundi anarudi na vigae vya glasi, Wafoinike wamemuuzia. Anaambiwa: mambo ya vito si unauliza muuza vito? Sasa kumbukeni ile 2013, 2014, kware walipokuwa gumzo Kenya nzima. Kila mtu anakwambia yai la kware linatibu kila kitu, jenga banda, utatoka. Nilikuwa na akiba. Nikaanza kuuliza swali moja tu: nani ananunua haya mayai ambaye si mtu anayetaka naye kufuga kware? Sikupata jibu. Nikaongeza bale la makoti. Soko la kware lilipoanguka mimi nilikuwa nauza makoti ya baridi ya Julai, na kuna majirani zangu walifunga biashara. Nawahurumia hadi leo, maana walikuwa watu wa bidii kuliko mimi.

Sina Imani Navyo

Wakuu, mimi vitabu hivi vya motisha vimenichosha. Kila kimoja kinasema uamke saa kumi alfajiri na uamini. Mimi naamka saa tisa usiku kuwahi gari la shamba la maua, miaka yote, na mshahara ni uleule. Nani ataandika kitabu cha mwajiri?

Baba Wawili

Mkuu, neno lako ni zito na ninakubaliana nalo. Kitabu kinachomwambia mnyonge kwamba unyonge wake ni uvivu kinamwongezea mzigo. Karibu ubaki, ndiyo sababu niliomba tusilete orodha.

Mwanachuo Unguja

Assalaam alaykum. Naleta upande wa roho. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasali kama kawaida lakini ndani nilikuwa na maswali yaliyonitisha, na nyumbani hakuna wa kumwambia bila kuzua hofu. Ustadhi mmoja hakunikemea. Alinipa *al-Munqidh min al-Dalal* cha Imam al-Ghazali.

Al-Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nizamiyya Baghdad, na humo anaeleza jinsi alivyoanza kutilia shaka hata anachokiona kwa macho. Baadaye akajichunguza nia yake ya kufundisha akaona anatafuta jaha na sifa. Miezi kadhaa akivutana na nafsi, hadi ulimi ukafungwa. Anataka kuwasomesha wanafunzi, neno halitoki. Chakula hakishuki, matabibu wakakata tamaa. Mwaka 1095 akaacha cheo akaondoka, akaenda Sham (Syria), Baitul Maqdis (Yerusalemu), akahiji.

Kilichonituliza ni kuona mtu anayeitwa Hoja ya Uislamu ameyaandika hayo wazi. Nilirudi kwa ustadhi na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi, moja moja. Mengine tumeyamaliza. Mengine yapo, na nasali nayo.

Mwana wa Ziwa

Ndugu yangu wa Unguja, nimekusoma nikamkumbuka Mtakatifu Augustino na *Maungamo* yake. Naye mwana wa Afrika, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Alikuwa bustanini Milano mwaka 386 analia, akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani: chukua, usome. Nilikisoma nikiwa nimeacha kwenda kanisani. Nilirudi kupitia kwaya, polepole.

Mkimbizi wa Nyarugusu

Jambo kwenu. Mimi ni wa Kivu, mashariki mwa Kongo, niko kambini Kigoma. Nilisoma kwa Kifaransa kitabu cha Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepitia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kilichotoka mwaka 1946. Aliingia na muswada wa kitabu chake cha kwanza ameuficha ndani ya koti, wakamnyang'anya koti na muswada. Mke wake alifia kambini, yeye hakujua hadi vita vilipoisha.

Nawaomba jambo moja. Msimpe mtu aliyepoteza vyote kitabu hiki na kumwambia atafute maana. Mimi nilikipata mwenyewe, kwa wakati wangu, na sikukimaliza mara ya kwanza. Lakini Frankl anasema kwamba wakati fulani inabidi tuache kuyauliza maisha yatatupa nini, tujione sisi ndio tunaoulizwa, kila siku. Hapo nilisimama. Kule nilikuwa mwalimu wa hesabu. Jioni sasa nafundisha watoto wa blok yetu, ubao ni mlango wa zamani tuliopaka masizi na maji ya muhogo. Chaki ndiyo taabu.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti nesi.

Mwalimu mwenzangu wa Nyarugusu, kikundi chetu Jumamosi hii kitasoma ujumbe wako kwa sauti. Swali la mwisho unalijua. Nitumie faragha namna ya kufikisha boksi la chaki kwenye blok yenu, na kama madaftari ni ya mistari au ya miraba.