Tenda mbili, benki mbili: moja NeST, nyingine bahasha. Naomba ushauri kabla sijaharibu

MamaMabomba
Habari za jioni wakuu. Nina kampuni ndogo ya vifaa vya maji hapa Iringa: mabomba, valvu, pampu ndogo. Tumo NeST, ule mfumo wa Serikali wa zabuni kwa mtandao, tangu 2023 na nimeshapata tenda tatu za halmashauri, kwa hiyo mfumo wenyewe haunitishi.

Sasa mamlaka moja ya maji (sitaitaja) imetangaza manunuzi mawili ndani ya wiki moja. La kwanza ni fedha za Benki ya Dunia, kila kitu kinapandishwa NeST. La pili ni fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na nyaraka inasema ofa ipelekwe ofisini kwao kwa bahasha iliyofungwa, asili moja na nakala mbili. Mwisho Alhamisi ya wiki ijayo saa nne asubuhi.

Nilimpigia simu afisa mmoja pale, akasema "wewe pandisha tu NeST, sheria inataka NeST". Mume wangu naye anasema benki hizi siku hizi zimeungana, ukifuata utaratibu wa moja umefuata wa zote. Nimebaki njia panda.

Pili, dhamana. Kwenye tenda za halmashauri nimezoea tamko la dhamana ya zabuni, unajaza fomu, basi. Hii ya bahasha inataka dhamana ya benki.

La tatu naona aibu hata kuliandika. Wanataka uthibitisho wa mikataba miwili ya ukubwa huo ndani ya miaka mitano. Mimi ninao mmoja. Shemeji yangu ana kampuni kubwa kuliko yangu, amejitolea kunipa barua kwamba nilimsambazia vifaa. Kazi hiyo hatukuifanya. Ni jambo dogo au najitafutia balaa?

Kavu_Kavu
Peleka kote kote, NeST na bahasha. Wachague wenyewe.

AfisaUgavi_K
Mkuu, usimpoteze dada wa watu.

Dada, kabla ya yote fungua Jedwali la Taarifa za Zabuni, limo humo humo ndani ya nyaraka. Hapo ndipo panaposema ofa inawasilishwa wapi na kwa njia gani. Likisema bahasha, ni bahasha. Ukipandisha kwenye mfumo ofa ambayo haikufunguliwa nafasi huko, siku ya ufunguzi hakuna mtu atakayeiona. Huyo afisa hajadanganya kuhusu sheria, Sheria ya Ununuzi wa Umma, Sura 410, inataka mfumo. Ila sheria hiyo hiyo inakubali kwamba mkataba wa mkopo kati ya Serikali na mfadhili ukipingana nayo, mkataba ndio unaoshika. Na majibu ya simu hayana mwenyewe. Omba ufafanuzi kwa maandishi, leo, kwa sababu hata ufafanuzi una siku yake ya mwisho na imeandikwa humo humo.

Kuhusu benki kuungana, mume wako ana nusu ya ukweli. Miaka ya mwanzo ya 2000 Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na ile ya nchi za Amerika zilikaa pamoja zikaandika masharti ambayo mfumo wa zabuni wa nchi lazima uyatimize kabla haujatumika kwa fedha zao. Ofa isionekane na mtu yeyote mpaka saa ya kufungua. Saa inayohesabika ni ya mfumo, siyo ya mkononi mwako. Kila aliyegusa faili aache alama. Mzabuni wa nje asizuiwe mlangoni. Na walikuwa na sababu: nchi moja inakopa benki tatu, kila moja ikidai mfumo wake, serikali itajenga mifumo mitatu na mzabuni atajisajili mara tatu. Hata leo kuna kipimo kimoja cha kukagua ununuzi wa nchi nzima, kinaitwa MAPS, kilichorekebishwa 2018, na benki hizo zinakitumia.

Lakini kutumia rula moja si kupata jibu moja. Kila benki inakaa na Serikali kivyake na kukubaliana ni tenda zipi zipite kwenye mfumo wa nchi na zipi zifuate nyaraka zake yenyewe. Mara nyingi za ushindani wa ndani zinapita kwa urahisi, za kimataifa zina mlolongo. Fikiria mfumo unaodai namba ya kitambulisho cha taifa kabla hujasoma nyaraka: Mturuki mwenye pampu nzuri ameshabaki nje. Hapo ndipo mazungumzo yanaponasa, si kwenye kompyuta.

Na msidhani ni nyinyi tu mnaosumbuka. Sisi wa ndani, mradi wa Benki ya Dunia unaingiza mpango wa ununuzi NeST, kisha unauingiza tena kwenye mfumo wao wa STEP ili waufuatilie. Kitu kile kile, mara mbili.

Wa_Kisumu
Nyinyi mna bahati, mnalalamikia mfumo unaotembea. Huku kwetu Kenya Hazina ilitaka kila taasisi iingie eGP, mfumo wetu wa tenda kwa mtandao, kuanzia Julai 2025, magavana wakaenda kortini. Supplier akabaki tu anangoja kuambiwa leo ni karatasi ama ni laptop.

MzeeWaBahasha
Mwanangu MamaMabomba, hao wamekujibu vizuri la kwanza, ila naona wanalizunguka la tatu. Mimi nimeanza tenda enzi za sanduku la mbao lenye kufuli mbili, kwa hiyo nisikilize.

Barua hiyo usiipokee. Usiiweke hata kwenye droo.

Mume wako anasema benki zimeungana. Kwenye mifumo bado wanavutana, lakini hapa wameungana kwelikweli. Tarehe 9 Aprili 2010 benki tano, yaani ya Afrika, ya Asia, ya Ulaya ya ujenzi na maendeleo, ya nchi za Amerika, na Kundi la Benki ya Dunia, zilitia sahihi makubaliano ya kufungiana milango. Moja ikikufungia hadharani usishiriki tenda zake kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa udanganyifu au rushwa, nyingine nne nazo zinakufungia. Udanganye kwenye tenda ya valvu Iringa, mlango wa tenda ya daraja kule Manila kwa fedha za benki ya Asia unafungwa. Unaweza kucheka kwamba Manila huendi, lakini tenda yako ile ya Benki ya Dunia iliyoko NeST nayo itakuwa imekwenda na maji.

Wengi wanadhani ni mpaka ushinde tenda ndipo iwe kosa. Hapana. Kuwasilisha tu maelezo ya uongo ili ufaidike, hilo tayari ni udanganyifu kwa tafsiri yao. Pale Benki ya Dunia adhabu ya kuanzia kuhesabu ni kufungiwa miaka mitatu, na haiishi yenyewe mpaka utimize masharti waliyokuwekea. Majina yanawekwa kwenye tovuti yao, ya kampuni na ya watu. Shemeji yako naye haponi, kwa sababu barua ni yake. Na ukisoma vizuri ile fomu ya ofa utaona umekubali benki ije ikague vitabu vyako. Wakija watauliza ankara na hati za kupokelea mzigo za hiyo kazi. Utawaonyesha nini?

Kama shemeji ana mikataba ya kweli, kwa nini msiingie ubia? Nyaraka nyingi za benki zinaruhusu. Soma kigezo cha uzoefu kinasemaje kuhusu ubia, nani anatakiwa kuwa na mikataba mingapi. Mjue tu kwamba mnabeba mzigo wote kwa pamoja: yeye akikimbia, wewe ndiye unayedaiwa.

AfisaUgavi_K
Mzee amemaliza. Naongeza la dhamana. Kama nyaraka inataka dhamana ya benki, tamko halikubaliki, ofa inatupwa hata kama bei yako ndiyo ya chini. Tumia maneno ya fomu iliyomo kwenye nyaraka, neno kwa neno, usikubali benki yako ikupe ya kwao waliyoizoea. Muda wake mara nyingi ni siku 28 zaidi ya uhai wa ofa. Angalia pia kama wanakubali ya kampuni ya bima, inaweza kukuokoa muda.

Ukiamua ubia, dhamana iandikwe kwa jina la ubia. Kama haujasajiliwa bado, itaje wabia wote watarajiwa. Hapo nimeona ofa nzuri nyingi zikifa.

MamaMabomba
Asanteni sana, mzee shikamoo. Nimeandika barua pepe jana, leo wamejibu rasmi: bahasha, NeST haihusiki kwa tenda hiyo. Na yule afisa wa simu ndiye aliyesaini!

Shemeji nimemweleza ya kufungiwa, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema tuingie ubia, ila yeye ndiye awe kiongozi. Nimekubali, mikataba ni yake. Benki wameahidi dhamana Jumanne. Swali langu la mwisho: hati ya ubia haitakuwa tayari kabla ya Alhamisi.

AfisaUgavi_K
Nyaraka nyingi zinakubali barua ya nia ya kuunda ubia, imesainiwa na wote wawili, pamoja na rasimu ya makubaliano. Hakikisha kwenye yako. Na hati ya uwakilishi ya atakayesaini ofa msiisahau.

MzeeWaBahasha
Marahaba mwanangu. Bahasha usiitume kwa basi. Lala kule Jumatano, saa mbili uwe mlangoni, na usiondoke bila saini ya mapokezi yenye saa.