Fomu ya ajira ya urubani inauliza kama nina ndugu kazini humo. Nijaze nini?

Mwana_Uyole
Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya, nina miaka 26. Nina leseni ya urubani wa kibiashara, nimesomea Afrika Kusini, nina saa 204 za kuruka. Mwezi wa kumi na moja huu niko nyumbani, kazi yangu ni kumsaidia mama kupanga parachichi kwenye makreti. Sasa shirika moja la ndege (nisilitaje) limetangaza nafasi za marubani wasaidizi. Fomu yao ya mtandaoni, ukurasa wa nne, ina swali: una ndugu wa damu au wa ndoa aliyeajiriwa nasi? Kama ndiyo, taja jina na uhusiano. Mimi nina ndugu pale, wa mbali tu. Nikijaza ndiyo si watanikata? Nikijaza hapana kuna ubaya gani? Naomba mnisaidie, usingizi sipati.

Kabwe_Stendi
Hongera kwanza mkuu. Ukipata kazi usitusahau, sisi bado tunapanda basi la saa 12 asubuhi kwenda Dar.

FundiMbao_Mafinga
Mdogo wangu, nikupe ya kwangu. Nina mashine ya kupasua mbao hapa Mafinga. Nilimwajiri mtoto wa dada yangu. Siku moja akaacha kinga ya msumeno wazi, vumbi la mbao limejaa mpaka kwenye mota, nami nikashindwa kumkaripia mbele ya wenzake, maana jioni nakula ugali kwa mama yake. Wiki iliyofuata vijana wote wakawa wanaacha kinga wazi. Nikamwuliza mmoja kwa nini, akanijibu, "Mbona yule haambiwi?" Yule kijana nilimhamishia kwenye kupakia magari, na dada yangu alininunia mpaka Krismasi.

Dada_Njombe
Vijana mnapenda njia za mkato. Ukianza kazi kwa uongo utaimaliza kwa aibu. Andika ukweli, mengine mwachie Mungu.

Mwana_Uyole
Dada shikamoo, nimekusikia. Lakini ukweli wa fomu si kama ukweli wa kanisani. Swali langu ni kama watanikata.

Saa_Elfu
Nimefanya kazi kwenye ndege miaka kadhaa, nikujibu hilo. Mashirika mengi hayamkatazi ndugu wa mfanyakazi kuajiriwa. Wapo mke na mume marubani, wapo baba na binti. Kinachokatazwa ni ndugu kumsaili ndugu, kumpima, au kuwa bosi wake. Hicho kisanduku kipo ili wajue nani asikae kwenye chumba cha usaili wako.

Na hili halihusu wivu wa ofisini tu. Kule mbele ya ndege mnakaa wawili. Kazi ya msaidizi ni pamoja na kumwambia kapteni "hapana, tusiondoke" hata kama kapteni ana miaka thelathini kazini. Machi 27, 1977, kule Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Kapteni wa KLM, shirika la Uholanzi, alianza kuruka bila ruhusa, huku kukiwa na ukungu. Fundi wa ndege, ambaye enzi hizo alikaa nyuma ya marubani humo humo, aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, kapteni akamjibu kwa uhakika kuwa imetoka, basi yakaishia hapo. Kapteni huyo alikuwa mkufunzi mkuu, na ndiye aliyempima yule rubani msaidizi kwenye 747 si muda mrefu kabla. Hawakuwa ndugu. Sasa ongeza undugu hapo.

Kwa hiyo swali moja tu: huyo ndugu yako anafanya kazi gani pale? Mhasibu? Mlinzi?

Mwana_Uyole
Ni upande wa mama. Yuko idara ya ndege.

Saa_Elfu
Idara ya ndege ndiyo shirika zima, kaka. Anafanya nini?

Kabwe_Stendi
Jibu mkuu, tunasubiri na chai imepoa.

Mwana_Uyole
Sawa. Ni kapteni. Ni mjomba wangu, mdogo wake mama, tumbo moja. Na ni mmoja wa wanaopima watu kwenye simuleta, ile mashine ya ardhini inayoigiza kuruka.

Lakini nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Baba aliuza kiwanja nisome. Pesa ilipoisha, muhula wa mwisho alilipa mjomba. Sasa nikimtaja, ataambiwa akae pembeni, mtu pekee anayejua uwezo wangu. Tena majina hayafanani, mimi natumia la baba. Yeye ni Mwa-nani kama nusu ya Tukuyu, nani atajua? Na mjomba mwenyewe ndiye aliyesema niandike hapana.

Dada_Njombe
Kumbe "wa mbali tu" ni tumbo moja na mama yako!

Mwanasheria_Gangilonga
Marekani walitunga sheria ya kuzuia viongozi wa umma kuajiri jamaa zao mwaka 1967, baada ya Rais Kennedy kumteua mdogo wake Robert kuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1961. Hapa kwetu, shirika likiwa binafsi, fuata sera yao ya ajira. Lakini kumbuka Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizo chini ya sheria ya ajira, zinataja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Usitazame siku ya kuajiriwa. Tazama mwaka wa tatu, una mkopo na mtoto, halafu mtu mmoja aliyegombana na mjomba wako anapeleka picha ya harusi ya ukoo kwa mkurugenzi.

Parachichi_Rungwe
Samahani kutoka nje ya mada, mama yako anauza Hass au za kienyeji? Tuna mnunuzi.

Jicho_la_Isimani
Wakuu, mnapoteza usiku wenu. Huyu ni mtunzi. Humu kaandika ana saa 204. Mwezi wa tatu, kwenye uzi wa ada za vyuo, kaandika ana saa 190. Kakaa Uyole mwaka mzima akipanga parachichi, hizo saa 14 karukia nini, kreti? Kwanza mjomba, kesho atatokea shangazi rubani.

Kabwe_Stendi
Daah. Mkuu, ndiyo hivyo?

FundiMbao_Mafinga
Na mimi nimeeleza habari za dada yangu humu!

Mwana_Uyole
Jicho, una haki ya kuuliza. Daftari la saa liko mezani hapa, ukurasa wa mwisho una doa la chai. Safu ya ndegeni inasoma 190. Safu ya simuleta inasoma 14. Mwezi wa tatu niliandika za ndegeni peke yake. Leo nimejumlisha, kwa sababu 204 inapendeza zaidi. Hata kwenye fomu nimejumlisha hivyo hivyo.

Saa_Elfu
"Nimejumlisha." Kwa hiyo fomu umeshaituma?

Mwana_Uyole
Alhamisi. Nilijaza hapana.

Saa_Elfu
Simuadhibu mtu mtandaoni. Saa za simuleta kila fomu ina mahali pake, zitenganishe. Na la mjomba, mwandikie ofisa rasilimali watu leo: jina lake, uhusiano, kwamba ulijaza vibaya, na unaomba upimwe na mtu mwingine. Kama unajua kuruka, mpimaji asiyekujua ataona. Mjomba akibaki kwenye kiti kile, hata ukifaulu kwa mkono wako mwenyewe hakuna atakayeamini. Wewe mwenyewe pia utajiuliza, siku ya upepo mkali pale uwanja wa ndege wa Songwe.

Mwana_Uyole
Hilo la mwisho limenigusa mkuu. Sikuwahi kulifikiria.

Jicho_la_Isimani
Nimefuta neno mtunzi. Samahani kijana.

Mwana_Uyole
Nimetuma. Mistari sita, pamoja na zile saa. Nilimpigia mjomba kwanza, hakupokea, nikamwachia ujumbe. Mama hajui bado, yuko jikoni.

Dada_Njombe
Nenda jikoni sasa hivi. Asije akasikia kwa mdogo wake.

Mwana_Uyole
Ndaga fijo dada. Naenda. Parachichi_Rungwe, ni Hass.