Meli ikitia nanga Lamu, mwacheni mgeni atembee mji kwa miguu yake!

Assalaam aleikum wanajamvi.

Naandika nikiwa na hasira na nitaandika kwa kirefu, asiye na subira apite. Haya yanayofanyika pale jetini kila meli ya watalii ikija yametosha. Tumenyamaza kwa sababu wanaoyafanya ni watoto wetu, ni majirani, wengine ni damu yetu. Mimi nimechoka kunyamaza.

Kwa msioijua hali ilivyo. Meli ya watalii haifungi kamba jetini kwetu, ile jeti ni ya mashua na boti. Hutia nanga nje, na abiria huletwa mjini kwa boti ndogo za meli yenyewe, hupewa muda wa saa tano au sita hivi, kisha boti ya mwisho huondoka. Wapo walionunua matembezi huko huko melini, hao hushuka kwa makundi na kiongozi wao. Na wapo wanaoshuka wenyewe, mtu na mkewe, mtu na rafikiye, wanataka kuuona mji kwa macho yao. Sasa shikeni jambo hili: wale wa makundi wakichelewa, meli huwasubiri, kwa sababu meli ndiyo iliyowauzia matembezi. Anayeshuka mwenyewe akichelewa hasubiriwi. Meli inang'oa nanga na yeye ajifikishe bandari inayofuata kwa pesa zake, ndege, malazi, kila kitu. Kwa hiyo mgeni huyu anatembea mjini mwetu na woga mmoja tu kichwani, saa. Na woga huo ndio vijana wa jetini wameufanya mtaji.

Nina hoteli ndogo mtaa wa Langoni. Meli ya juzi ilipokuja, waliingia kwangu wazee wawili, mume na mke. Walikuja wenyewe, hakuna aliyewaleta. Yule mama alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono: Ngome, makumbusho, kijiji cha Shela kwa miguu, kurudi. Hesabu yao ilikuwa sawasawa kabisa, hata mimi nisingewapangia vizuri zaidi. Nikawapa samaki wa kupaka na mkate wa mofa, na sharubati ya ukwaju. Wakala kwa raha, wakaniuliza nazi inakunwa vipi, binti yangu akawatolea mbuzi akawaonyesha.

Hawajamaliza kula, kijana akasimama mlangoni. Mlangoni kwangu! Akawaambia Ngome leo imefungwa. Akawaambia sheria hairuhusu mgeni kutembea Lamu bila kiongozi. Kisha akawaambia, mbele yangu nikiwa nimeshika mwiko, kwamba chakula cha hoteli hizi kitawaharibu tumbo na meli itawaacha wakiwa chooni. Nikamwambia, "Ewe mwanangu, una haya wewe? Waache watu wale." Akanijibu, "Mama, hawa ni wageni wangu, nimewaona mimi kwanza."

Wageni wake! Hakuwaalika, hakuwapa hata maji ya kunywa, lakini kwa sababu aliwaona wakikanyaga ngazi za jeti basi ni mali yake.

Wakaondoka naye. Walikuwa wameshaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu humfuata anayezungumza kwa sauti kubwa. Yaliyofuata nimeyasikia kwa yule mama mwenyewe. Hawakupelekwa Ngomeni. Walizungushwa madukani, na kila duka bei imepandishwa ili kijana apate kamisheni yake. Walipotaja Shela akawaambia njia ya miguu ina hatari, akawapakia boti ya mwenzake. Huko Shela akawaacha. Wakati wa kurudi ulipofika, maji yalikuwa yameshajaa na sehemu za ile njia ya ufukweni zimefunikwa, na wao saa inawakimbiza. Mwenye boti akaona mikono yao inatetemeka, akataja bei mara nne ya ile wanayolipa watu kila siku. Wakalipa, wangefanya nini?

Nilimkuta yule mama jetini akisubiri boti ya meli, analia. Hakulilia pesa. Alinishika mkono akasema hata Ngome hawakuiona.

Ngome! Ukitoka jetini huhitaji hata kuuliza, dakika chache tu uko uwanja wa Mkunguni, na hiyo hapo mbele yako, ukuta mkubwa kuliko nyumba zote, wazee wamekaa kivulini wanacheza bao. Ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, ikaja kufanywa jela kuanzia 1910 hadi 1984, leo ni makumbusho na maktaba. Siku ile ilikuwa wazi tangu asubuhi. Nilimuuliza bawabu mwenyewe.

Ndugu zangu, mji huu umeumbwa kwa ajili ya mtu wa miguu. Hakuna magari ya kumkanyaga, kuna punda, na punda akija utasikia mwenyewe anapiga kelele upishe. Anayesema mgeni atapotea ni mwongo. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unafuatana na pwani toka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, na vichochoro vyote vinavyokata vinateremka baharini. Ukichanganyikiwa, fuata mteremko, utatokea mbele ya maji. Ni hilo tu mgeni anahitaji kuambiwa, na mtoto wa chuo cha Kurani anaweza kumwambia.

Na kwa saa tano mtu anaona mengi. Makumbusho ya Lamu yako hapo hapo mbele ya bahari, ndani kuna siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe, na vielelezo vya majahazi. Nyumba ya Kiswahili iko ndani Mkomani, unaona zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, kwenye kuta na namna nyumba ya mawe ilivyopangwa, wageni nje na wenyewe ndani. Ile posta ya Wajerumani iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891 ni ya robo saa tu, lakini apendaye historia ataipenda. Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, mgeni asiye Mwislamu autazame kwa nje kwa adabu, na akijisitiri mabega na magoti hakuna atakayemkodolea macho. Milango ya nakshi yuko huru kuitazama siku nzima. Watu asiwapige picha bila ruhusa, hasa wanawake. Shela ni kama kilomita tatu, mwendo wa dakika arobaini na tano kwa mtu asiyekimbia, na anachohitaji kujua ni saa ngapi maji yanajaa. Kila mvuvi anajua. Akimuuliza mvuvi badala ya mbichiboi, hao vijana wanaowawinda watalii, ataambiwa ukweli.

Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Walioingizwa si wauza vinyago waliojipanga jetini. Ni mitaa, nyumba, madaka ya mlangoni tunayokalia jioni, na maisha ya watu waliomo. Mtu amevuka bahari kuja kuona hayo, halafu tunamfungia njia kwenye ngazi!

Na msidhani nawalaumu vijana peke yao. Huko melini nako kuna shida, na ni kubwa. Wazee wale waliniambia kabla hawajashuka waliambiwa mjini si salama kutembea nje ya kundi. Nani anayesema? Yule yule anayeuza nafasi kwenye kundi. Sisi hatukatai kwamba kaunti hii imepata mitihani. Tunaikumbuka 2011 watalii walipotekwa, tunalikumbuka shambulio la Mpeketoni 2014, tumezika watu na hoteli zikafungwa vijana wakabaki mitaani. Lakini hata maonyo ya serikali ya Uingereza kuhusu kaunti yetu yamekuwa yakivitofautisha visiwa vya Lamu na Manda na maeneo ya bara. Mwambie abiria ukweli huo wote. Usimtie woga ili umuuzie dawa ya woga.

Mmeyaona hayo makundi yakipita? Kila mtu na namba kifuani, kiongozi mbele na kibendera, wanakwenda mbio kama watoto wanaokimbizwa na mvua. Ngome dakika kumi, makumbusho dakika kumi, duka moja, jetini. Chakula wanarudi kula melini. Mama anayekaanga bajia na viazi karai hauzi hata kimoja. Mshona kofia hauzi. Nahodha mwenye mashua yake safi na maboya ya kutosha anakaa kutwa nzima na tanga limekunjwa. Anayeingiza pesa Langoni na Mkomani ni yule anayeshuka mwenyewe na kutembea taratibu, akiona kitu anasimama, akisikia njaa anakula. Huyo ndiye tunayemfukuza kwa mikono yetu!

Haya, na ofisi inayohusika? Kila meli ikija tunaona watu wa ofisi wamekuja jetini na mashati yaliyopigwa pasi, wanapiga picha na nahodha wa meli, wanaondoka. Jetini hakuna ubao unaosema boti ya mwisho inaondoka saa ngapi. Hakuna bei ya boti ya Shela wala ya Manda iliyoandikwa mahali mgeni ataiona. Choo, msiniulize. Kule Kililana gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa 2021, mabilioni yalipatikana. Hapa tunaomba ubao na rangi!

Ubao huo si mapambo. Wengi hawajui kwamba saa ya melini yaweza kuwa tofauti na ya kwetu. Meli ikitoka Shelisheli, kule wako mbele yetu kwa saa moja, na meli isipobadilisha saa zake abiria anayefuata saa ya mjini atafika jetini boti imeshaondoka. Mtu akibandika pale saa za ukutani mbili, ya meli na ya Lamu, na chini yake boti ya mwisho, yule mwenye boti wa Shela atamtisha nani tena?

Wako viongozi wazuri Lamu, nisikilizwe vizuri. Wenye leseni, wanaojua historia ya kila mtaa, wanaotaja bei kabla ya safari na hawabadilishi. Nao wanaumia. Mgeni akishavutwa mkono na watu sita kwenye ngazi, hata kiongozi wa kweli akimsalimia anakimbia. Wawekewe meza yao penye kivuli, wavae vitambulisho, anayewataka awaendee. Asiyewataka apite, na asifuatwe.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Kuna ndugu ameandika kwamba vijana hawana kazi, nataka wale wapi. Kaka, nina wanangu wawili hawana kazi, usinifundishe njaa. Mmoja anabeba mizigo na punda, hajawahi kumwambia mtu uongo apate mia mbili. Na pesa anayoipata yule kijana ni ya siku moja. Hawa wazee wakirudi kwao watasema walichofanyiwa, na wenye meli wakishapata malalamiko ya kutosha wanaifuta Lamu kwenye ratiba, wanapita moja kwa moja kwenda Mombasa au Unguja. Hapo atamvuta nani mkono?

Mwingine ameuliza kwa nini sikuita polisi. Nimwambie nini polisi, kwamba kijana amesema chakula changu kibaya? Nimekwenda kwa mzee wa mtaa, na nimekwenda kwa mama yake. Mama yake amesikitika na amemkanya mbele yangu. Lakini yeye ni mmoja, na mchezo wenyewe una wakubwa wake, wenye maduka wanaolipa kamisheni wanajijua. Wengine wenu mnasoma hapa. Acheni kulipa kamisheni kwa mgeni aliyeletwa kwa uongo, mbona mambo yatatulia meli moja tu.

Ninachotaka ni haya, na nitayabeba kwenye baraza la mtaa Ijumaa baada ya swala ya Alasiri: ubao wa saa na bei jetini, meza ya viongozi wenye leseni, mtu wa ofisi anayekaa pale hadi boti ya mwisho iondoke, na marufuku ya kumfuata mgeni aliyeshasema hapana. Wenye hoteli na manahodha mnaokubaliana na mimi, njooni tuwe wengi. Ambaye hawezi kufika aandike jina lake kwenye karatasi, ipo hotelini kwangu, na kalamu ipo.