Korona ikipanda tena na masharti kurudi: tupeane uzoefu wa vitendo

Mchambua Takwimu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kila wimbi jipya likija hofu inatangulia, na kati ya siku namba zinapoanza kupanda na siku wodi zinapojaa kuna wiki mbili tatu hivi ambazo watu huzipoteza kwa kubishana. Huo ndio muda wa kujiandaa. Nawaomba wenye fani zao waandike wanachokijua: vipimo, kuuguza nyumbani, hewa, dawa, masharti ya kazini na safarini. Naanza na takwimu.

Namba ya siku moja isikupe presha. Mwisho wa wiki maabara nyingi hupunguza kazi, ripoti zinarundikana, halafu katikati ya wiki namba inaruka ghafla. Chukua wastani wa siku 7, ulinganishe na wa wiki iliyotangulia. Kisha uliza vipimo vingapi vimefanyika. Vipimo 1,000 vikitoa chanya 50, hiyo ni 5%. Vipimo 400 vikitoa chanya 48, kesi zimeshuka kwa macho lakini ni 12%, maana yake ugonjwa umewazidi wapimaji mbio. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kiwango hicho kikae chini ya 5% kwa wiki 2 kabla ya kulegeza masharti. Siku hizi wengi wanajipima wenyewe nyumbani au hawapimi kabisa, kwa hiyo idadi ya waliolazwa na vipimo vya virusi kwenye maji taka vinasema ukweli zaidi kuliko idadi ya kesi.

Na hili linaleta ugomvi kila wimbi. Masharti yakitangazwa leo, siku ya tano mtu anasema hayasaidii kwa sababu kesi bado zinapanda. Kesi za siku ya tano ni za watu walioambukizwa kabla ya tangazo. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa (kwa familia ya Omikroni mara nyingi siku 3 hivi), ndipo mtu apime, ndipo jibu liingie kwenye ripoti. Hukumu ya masharti ianze baada ya wiki 2. Vifo vinachelewa hata zaidi, kwa hiyo vitaendelea kupanda wakati kesi zimeshaanza kushuka.

Wa Maabara

Asante mkuu kwa kuanzisha. Mimi naongelea kipimo cha haraka cha antijeni, maana makosa ni yale yale kila mahali.

Kama kimekaa sehemu ya baridi, kiache kama nusu saa kipate joto la chumba. Penga pua kwanza. Kijiti kiingie kama sentimita 2, kiguse ukuta wa ndani ya pua, kizungushwe mara 4 au 5 taratibu, kisha kijiti hicho hicho kiende tundu la pili. Wengi hukigusisha mlangoni tu mwa pua wakatoa, na hapo unapima ngozi. Ukikitumbukiza kwenye kimiminika kizungushe, na wakati wa kukitoa ubane kichupa kwa vidole ili maji yaliyo kwenye pamba yabaki ndani. Idadi ya matone ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kipimo chako. Ukizidisha, karatasi ya ndani inafurika na mistari haieleweki.

Weka saa. Vingi husomwa dakika ya 15, na baada ya dakika 20 au 30, kulingana na kampuni, havisomwi tena. Mstari unaojitokeza baada ya masaa si jibu. Lakini ukitokea ndani ya muda, hata kama ni hafifu kiasi cha kuusogeza kwenye mwanga, hiyo ni chanya. Mstari wa C, ule wa kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, tupa.

Hasi moja haikuruhusu kwenda kumtembelea mzee. Siku ya kwanza ya dalili virusi puani vinaweza kuwa bado vichache. Mwenye dalili arudie baada ya masaa 48. Asiye na dalili lakini amekaa na mgonjwa, apime mara 3, kila moja ikiachana na nyenzake kwa masaa 48.

Mama wa Watatu

Swali kwa wauguzi. Nyumba ina mgonjwa, hospitali wamesema auguzwe nyumbani. Hiyo mashine ya kidoleni inasomwaje, na ni wakati gani wa kumkimbiza?

Muuguzi Zamu ya Usiku

Dada, swali lako ndilo muhimu kuliko yote humu, niruhusu niandike kirefu.

Oksimita ya kidole ina namba mbili. Moja ni oksijeni, imeandikwa SpO2 au ina alama ya %. Nyingine ni mapigo ya moyo, imeandikwa PR au ina alama ya moyo. Kuna watu wameona 88 wakahamaki kumbe ni mapigo. Kinyume chake ndicho cha hatari: oksijeni ni 88, mtu anadhani ni mapigo, anarudi kulala.

Mgonjwa aketi, apumzike dakika 5. Kucha ziwe hazina rangi wala kucha za bandia. Vidole vikiwa vya baridi visugue vipate joto, kwa sababu damu isipofika vizuri kidoleni mashine inabahatisha. Tumia kidole cha shahada au cha kati, mkono upumzike kifuani, asiutikise. Usichukue namba ya kwanza. Subiri mpaka itulie kwa dakika nzima, ndipo uandike pamoja na saa. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, muda ule ule, kidole kile kile.

95 hadi 100 ni sawa. 93 au 94, rudia baada ya muda mfupi, na ikibaki hapo piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo. 92 kushuka, ni kwenda hospitali bila kusubiri asubuhi. Wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu wana kiwango chao walichopangiwa na daktari wao, wafuate hicho. Na kuna jambo watu weusi hatuelezwi vya kutosha: kwenye ngozi nyeusi mashine hizi huweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mwelekeo una uzito kuliko namba yenyewe. Aliyekuwa na 98 akafika 95 ameshuka, hata kama 95 inaitwa nzuri.

Usidanganywe na uso. Ugonjwa huu una tabia ya kushusha oksijeni huku mgonjwa anaongea na kuchezea simu kama kawaida. Hali nyingi hubadilika kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dalili zianze, wakati familia imeshalegea kwa kuona homa imepungua. Andika tarehe ya dalili ya kwanza kwenye karatasi ukutani. Hospitalini ndiyo watakayouliza kabla ya kitu kingine.

Kama huna mashine, hesabu pumzi. Tazama kifua kikipanda kwa dakika nzima bila kumwambia unachohesabu, maana akijua atabadilisha pumzi. Mtu mzima akizidi 30 ni dharura. Vivyo hivyo kuchanganyikiwa, kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, maumivu ya kifua yasiyoondoka, au midomo kugeuka bluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi angalia ulimi na fizi.

Chumba: awe peke yake, dirisha la nje wazi, mlango wa ndani umefungwa. Mhudumu awe mmoja, asiwe mzee wala mwenye kinga dhaifu, na wote wawili wavae barakoa akiingia. Vyombo na nguo ni sabuni ya kawaida tu. Kulala kifudifudi kunawasaidia baadhi ya wagonjwa wakiwa wanasubiri usafiri, lakini hakuchukui nafasi ya oksijeni. Na tafadhalini, beseni la maji yanayochemka la kujifukizia liacheni. Haliui virusi, na linaunguza watu, hasa watoto.

Fundi Hewa

Muuguzi kagusa dirisha, naongezea. Virusi hivi husafiri kwa hewa na huelea ndani ya chumba kilichofungwa hata mgonjwa akishaondoka. Ukiweza kufungua madirisha mawili yanayotazamana, fungua, hata kidogo kidogo. Dirisha likiwa moja, weka feni ikitazama nje ili isukume hewa kutoka. Feni ya kumpuliza mgonjwa kuelekea mlangoni inawapelekea wengine ugonjwa. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ile ile.

Kwa ofisi na madarasa piga hesabu. Mei 2023 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kiliweka lengo la hewa safi kubadilishwa angalau mara 5 kwa saa. Chumba cha mita 5 kwa 4, kimo mita 3, ni mita za ujazo 60. Mara 5 ni 300 kwa saa. Unaponunua mashine ya kuchuja hewa tafuta namba hiyo kwenye karatasi yake, na ujue imepimwa feni ikiwa kasi ya mwisho. Watu wakiipunguza kwa sababu ya kelele, unapata pengine nusu. Afadhali ndogo mbili za kasi ya kati.

Ipo pia ya kujitengenezea, sanduku la Corsi na Rosenthal, Wamarekani wawili waliolibuni mwaka 2020. Vichujio vinne vya daraja la MERV 13 vinasimamishwa kama kuta nne, kadibodi chini, feni ya mraba juu ikipuliza kuelekea juu. Mishale ya vichujio yote itazame ndani. Ziba kila mshono kwa gundi ya karatasi pana. Linaloharibu kazi ni pembe za feni: hewa hurudi nyuma kupitia hapo, kwa hiyo funika juu ya feni kwa kadibodi iliyotobolewa katikati tundu la duara lenye upana sawa na mapanga yake.

Kipima kaboni dayoksaidi kinasaidia kujua chumba kimechoka. Nje ni kama 420 (sehemu kwa milioni, ppm), ndani chini ya 800 ni vizuri, ikipita 1,500 toeni watu mfungue. Kumbuka tu kwamba hakioni kazi ya kichujio, na jiko la gesi likiwaka kinapanda bila kuhusiana na pumzi za watu.

Wa Maabara

Barakoa kwa kifupi, maana inahusiana na hayo. N95 huchuja angalau 95% na FFP2 angalau 94%, ila tu ikiwa imebana. Bonyeza waya wa pua kwa vidole vya mikono miwili, funika kwa viganja, toa pumzi. Ukihisi upepo kwenye macho, haijakaa. Ndevu zinaiachia upenyo. Yenye vali inakulinda wewe na kuwapulizia wengine. Usiifue na usiipulizie spiriti, chaji ya umeme inayonasa chembe inapotea. Ikilowa au kamba ikilegea, badilisha.

Mfamasia

Wakuu, wimbi likitangazwa watu huja na orodha waliyotumiwa kwenye simu. Antibiotiki haiui virusi. Deksamethasoni ni dawa ya kweli, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha Juni 2020 kwamba inapunguza vifo, lakini kwa wagonjwa walio kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika, na sukari ya mwili inapanda. Kuinywa nyumbani siku ya pili ya homa ni kujiumiza.

Parasetamoli kwa mtu mzima: gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi vidonge 8 kwa masaa 24. Hatari ipo kwenye dawa za mafua za mchanganyiko, nyingi zina parasetamoli ndani. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, ini halitoi taarifa mapema.

Dawa ya virusi ya nirmatrelvir na ritonavir ni kwa walio katika hatari kubwa, na ianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili. Inagongana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za kolesteroli na za mapigo ya moyo, na dozi hubadilika kwa mwenye figo dhaifu. Njoo na pakiti zote unazotumia.

Kuhusu masharti: wagonjwa wa presha, kisukari, pumu na VVU waombe dawa za miezi 2 au 3 kabla ya kafyu kuanza. Masharti yakikaza, anayekosa insulini yuko hatarini kuliko anayeogopa korona.

Mwendesha Duka

Na sisi wenye biashara, sharti la idadi ya watu linahesabiwaje? Wakaguzi wakija kila mmoja ana lake.

Mchambua Takwimu

Soma neno kwa neno kwenye tangazo, mkuu: ni eneo lote au eneo la kusimama? Mara nyingi ni la kusimama. Duka la mita 8 kwa 6 ni mita 48 za mraba. Toa rafu na kaunta, tuseme 12, inabaki 36. Sharti likiwa mtu mmoja kwa mita 4, ni watu 9, na angalia kama wafanyakazi wanahesabiwa. Bandika hesabu hiyo mlangoni pamoja na nakala ya tangazo lenye tarehe, mjadala na mkaguzi utakuwa mfupi.

Kwa wasafiri wanaotakiwa cheti cha kipimo hasi, "masaa 72" yanaweza kuanza sampuli ilipochukuliwa au jibu lilipotoka, na kuishia unapoondoka au unapofika. Wenye kuunganisha ndege ndio hunasa hapo. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na saa ya sampuli iandikwe. Aliyeugua karibuni ajue PCR, kipimo cha maabara cha vinasaba vya virusi, inaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo aulize mapema kama barua ya kupona inakubaliwa.

Mama wa Watatu

Nashukuru sana. La mwisho: mgonjwa anatoka chumbani lini?

Muuguzi Zamu ya Usiku

Fuata kwanza sharti la mahali ulipo, dada. Mwongozo wa WHO wa Januari 2023 ni siku 10 tangu dalili kwa aliyekuwa na dalili, na siku 5 tangu kipimo kwa ambaye hakuwa nazo. Akipima antijeni ikawa hasi anaweza kutoka mapema. Aliyelazwa mahututi au mwenye kinga dhaifu huambukiza kwa muda mrefu zaidi, huyo apangiwe na daktari. Kikohozi na kukosa harufu vinaweza kubaki wiki nyingi, havimfungi ndani. Homa ndiyo iwe imeisha bila ya dawa ya kuishusha.